Shuka la Mfalme

Wenzake walimbandika jina la Redio, naye hakununa, maana alipofungua mdomo asubuhi, kuuzima ilikuwa kazi. Miaka kumi na tisa alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Shuka likishakauka hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule. Mnavuta, mnakunja, mnasogeleana mpaka mikono inagusana. Kila mkunjo, Redio alitoa kipande cha hadithi. Rundo likiisha, nusu ya chumba imeacha kazi inamsikiliza.

Zamani zilikuwa hadithi za kuvunja mbavu. Zilibadilika siku wifi yake, aliyekunja naye meza moja, alipochomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka chafu. Alipimwa damu, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena. Miezi mitatu! Akawa anaogopa hata kumnyonyesha mwanawe. Wanawake wakadai glavu nene. Msimamizi, bwana ambaye shati lake walilipiga pasi wao wenyewe, akasimama mlangoni.

"Atakayetaja tena glavu humu ndani, afungashe virago."

"Sawa," akasema Redio, na kweli hakulitaja tena neno hilo. Badala yake alianza hadithi ya mfalme aliyelala usingizi mnono kwa sababu kila asubuhi wafuaji walichomoa miiba kwenye mashuka yake kwa vidole vitupu. Damu ilipowatoka, mfalme aliwakaripia kwa kumchafulia shuka. Hadithi ikapanda ngazi mpaka wodini. Wauguzi wakawa wanashuka kwa visingizio: "Mfalme kafika wapi leo?"

Msimamizi akamwita ofisini.

"Huyo mfalme ni nani?"

"Mfalme tu, bwana. Kwani mmefanana?"

Hakucheka. Wiki iliyofuata bodi ya hospitali ingekuja kukagua, na mwenyekiti alikuwa ameomba kuisikia hadithi hiyo inayosemwa kila kona.

"Utaimaliza vizuri," akasema msimamizi. "Mfalme mwema, wafuaji wanashukuru. Ukinichezea, kibarua kimeota nyasi."

Redio alirudi mezani amefura. Alikuwa na watoto watatu wanaosoma, na mshahara ulikuwa huo huo mmoja.

"Wifi, sema anavyotaka, yaishe," wifi yake akamsihi. "Mimi yamenifika, wewe yasikufike."

"Yakikufika wewe yamenifika mimi. Vuta shuka, acha kunitia unyonge."

Siku ya ukaguzi wageni walipanga mstari kando ya meza, na Redio akasimulia huku wanakunja. Walicheka alipoiga mikoromo ya mfalme. Msimamizi naye akatabasamu, akijua mwisho umeshapangwa.

Hapo Redio akaenda kwenye kapu la mashuka machafu, akavuta moja kutoka juu.

"Mwisho wa hadithi yangu unakunjwa na watu wawili," akasema. "Bwana msimamizi, shika upande huo."

Shuka lilikuwa na madoa, limeviringika, na hakuna aliyejua ndani mna nini. Msimamizi akalitazama, kisha akairudisha mikono yake nyuma.

"Shika, bwana. Sisi tunashika kila siku."

"Nitashikaje bila glavu?"

Mwenyekiti alimtazama msimamizi, halafu akavitazama vidole vya wale wanawake, mmoja baada ya mwingine. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, na hakuwa amecheka tangu achomwe.

Redio yeye hakucheka. Alikuwa bado ameshikilia upande wake wa shuka, amekaza macho.

"Umelitaja wewe, bwana," akasema. "Haya, virago vyako tukufungie kwa shuka lipi?"