Mshonaji na Wenzake

Mtu wa kwanza kugundua kwamba mto umeharibika alikuwa dobi. Shuka nyeupe za nyumba ya wageni ziliingia majini safi, zikatoka na rangi ya kutu. Akanunua daftari, akawa anaandika: tarehe, rangi ya maji, harufu. Miaka mitatu hakuruka wiki. Uchafu ulitoka kiwanda cha ngozi, na mfereji wake ulipita nyuma ya nyumba ya wifi yake, mshonaji.

Shirika la wanasheria watetezi wa mazingira lilipokuja kuwafungulia kesi bila malipo, wakili alimweka mshonaji wa kwanza kwenye orodha ya wadai, kwa kuwa mfereji ulikuwa mlangoni kwake. Juu ya jalada likasomeka jina lake, kisha "na wenzake".

"Na wenzake!" dobi alimfokea mumewe. "Mimi ndiye wa kuwa mkia?"

"Si dada yangu huyo?"

"Ndiyo maana inaniuma zaidi."

Redio ikimhoji wifi, dobi anaizima. Wifi akajishonea gauni la mahakamani. Dobi akaona limempwaya mabegani, akalala usingizi mtamu. Wakili alipouliza nani ana kumbukumbu za tarehe, dobi alikaa kimya, daftari kalifungia kabatini.

Wiki ya kusikilizwa kesi, wakili aliwaita ofisini awaandae.

"Maji yalianza kubadilika lini?" akamuuliza mshonaji.

"Zamani kidogo."

"Mwezi gani, mama? Watakubana hapo hapo."

Mshonaji akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Dobi alishangilia kimoyomoyo: jina kubwa, haya, lijibu sasa!

"Muulize wifi yangu," mshonaji akasema. "Mimi nilikuwa nafunga dirisha tu. Yeye alikuwa anaandika, nami nikimcheka."

Hilo dobi hakulitegemea. "Daftari liko nyumbani," akasema, neno likimtoka kama jino bovu.

Dobi, shahidi wa pili, alitoa ushahidi siku mbili. Jaji akaamuru mfereji ufungwe mpaka kiwanda kijenge mtambo wa kusafisha majitaka. Hukumu ilitaja tarehe za shahidi wa pili mara saba. Dobi alizihesabu mwenyewe.

Hata hivyo majirani walimiminika kwa mshonaji kumpongeza. Dobi naye akaenda, akasimama nyuma ya wote.

"Hongera, wifi," akasema, meno kayabana.

Mshonaji akainuka, akamvuta mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Wivu haukumwisha dobi. Lakini kiti kilikuwa laini, wageni walikuwa bado wanaingia, naye hakuwa na haraka ya kuinuka.