Plagi za Bwana Haji na Sinia la Bibi

Enzi zetu gari kuukuu halikununuliwa kwa kutazama picha kwenye simu. Lilinunuliwa kwa kugonga bodi, kunusa, kujilaza uvunguni mpaka kanzu ibadilike rangi, na mwisho kwa kuchungulia plagi za injini. Baba aliamini kuwa muuzaji anaweza kupaka rangi bodi, lakini plagi hazisemi uongo: zenye masizi na ncha zilizolika ni kongwe, nyeupe zenye ncha kali ni mpya. Alimsahau mama yake tu.

Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa Mwanakwerekwe, na Baba, kwa kujitapa, alikuwa amewaahidi wakwe kuwa vyombo vya biharusi vitafika kabla ya alasiri kwa gari lake mwenyewe. Gari lenyewe hakuwa nalo. Jirani yetu pale Kikwajuni, Bwana Haji, alikuwa anauza pikapu yake. "Wallahi plagi mpya, nshazibadilisha zote," aliapa barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Sasa jirani akishaapa, utamwambiaje unataka kuhakikisha? Baba akaomba pikapu ilale kwetu usiku mmoja, ati aizowee.

Alfajiri, kungali giza la kutoona kitu, alizifungua plagi zote nne, akazipanga kwenye sinia uani, akatukataza watoto tusiziguse, akaenda Michenzani kumwita fundi. Hatukugusa. Enzi hizo mzazi akikukataza kitu, hata kukitazama unaogopa. Lakini nani wa kumkataza Bibi?

Bibi alitoka jikoni akakuta vyuma vilivyojaa mafuta na vumbi juu ya sinia lake la shaba, lile la kupelekea halua kwa wakwe. "Astaghfirullah! Uchafu gani huu kwenye nyumba ya harusi?" Akachukua kumbi la nazi, majivu na ndimu, akasugua sinia na plagi kwa pamoja, kisha akavianika juani.

Fundi alipofika aliinua plagi moja akaona masharubu yake ndani yake. "Hizi mpya tupu, bwana. Hata dukani hazing'ari hivi." Baba akainunua pikapu siku hiyo hiyo, na moyoni akajilaumu kwa kumshuku jirani.

Ijumaa ya kupeleka vyombo ikafika. Kitanda kikapakiwa, makabati yakapakiwa, Bibi akakaa mbele na sinia lake mapajani. Pikapu ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Fundi akaitwa mbio, akazifungua plagi, akachomoa nyuzi za kumbi na majivu yaliyoganda. Sote tukamtazama Bibi. Bibi akatazama nje. Maduka ya plagi yalikuwa hayajafunguliwa tangu sala ya Ijumaa, alasiri inakuja, na Baba alikaa kizingitini akashika kichwa. Zuhura alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Ndipo Bwana Haji alipokunja mikono ya kanzu. "Sukumeni!" Mtaa mzima ukasukuma mpaka Mwanakwerekwe, wanawake nyuma kwa vigelegele, Bwana Haji akihema na kuapa njia nzima kuwa plagi ni mpya. Tulifika adhana ya alasiri haijalia. Mama mkwe wa Zuhura, mwanamke wa maneno makali, alisema hajapata kuona vyombo vya biharusi vilivyosindikizwa na watu wengi vile. Mpaka leo hakuna ajuaye kama plagi zile zilibadilishwa kweli.

Juzi mtoto wa Zuhura alinipakia kwenye gari lake, ambalo alilikagua kwa simu kabla ya kulinunua. Likazima katikati ya Michenzani. Vijana wakatoka mbio, nikafurahi, kumbe wanakuja kupiga video. Nikamwambia mtoto wa Zuhura, "Fungua plagi, mwanangu, nitafutie kumbi na majivu."

Akanitazama kwa huruma. "Mama mdogo, majivu yanauzwa wapi?"

Nilicheka, kisha roho ikaniuma. Nikashuka, nikapandisha baibui langu, nikaanza kusukuma.