Apele ya Shamba la Mihogo

Minyi sikusoma sana, niliachia darasa la tatu kwa Bametodiste, pale naimba kuliko kuandika. Lakini apele, ile rufaa ya kupeleka kesi kwa bakubwa, naijua.

Shamba la mihogo lilikuwa la bibi yangu, mama wa watoto wangu, kwenye njia ya Base, ile kambi ya jeshi. Mama yake alimuachia. Jirani yetu, mwanajeshi aliyepumzika kazi, muntu wa kuchekesha, hata leo tunakunywa naye chai, alikuwa na karatasi inayosema shamba lake linafika mpaka kwenye mikonge. Sasa mukonge unazaa. Ile ya zamani iko mustari mumoja, lakini vitoto vyake viliota mpaka katikati ya mihogo yetu. Jirani akashika vile vitoto kuwa mupaka. Tukamushitaki. Zuzi, ndiye hakimu wa tribinali ndogo, akasoma karatasi, akampa nusu ya shamba. Mvua ilinyesha, hakufika kuangalia.

Bibi yangu hakulia. Aliniuliza tu: «Papa, huyu zuzi hana mukubwa wake?»

Nikamujibu iko naye. Grefye, karani wa tribinali, alituambia siku za kufanya apele zinahesabiwa, basi tulienda kesho yake asubuhi.

Kwa bazuzi bakubwa, minyi nikafikiri ni kama kwa baba mukubwa: unamwaga yote yanayokuchoma. Nikasema ya mikonge, nikaongeza mbuzi za jirani zilizokula maharagi yangu. Zuzi mukubwa, mama mumoja mupole, akanisimamisha.

«Papa, kule chini ulishitaki mbuzi?»

«Hapana, Mama. Nilisahau.»

«Basi mbuzi zianzie kule. Hapa tunaangalia kama mwenzetu alikata vizuri ile kesi aliyoikata.»

Watu wakacheka, jirani kushinda wote. Nikakaa. Bibi yangu akasimama mwenyewe, akaomba neno moja tu: bafike shambani.

Bakafika. Yule mama akavua viatu, akafuata mustari wa mikonge ya zamani mpaka barabarani, kisha akarudi akaangalia vitoto, vingine havijafika hata kwa goti. Akamuuliza jirani kama karatasi yake iko na umri kushinda vitoto hivyo. Jirani akakuna kichwa, akasema kweli, imevishinda; basi mikonge ya karatasi ni ile ya zamani.

Siku ya kusoma hukumu, shamba likarudi lote. Jirani akauliza kama iko tribinali ingine juu. Grefye akajibu iko, Kinshasa.

«Aende,» bibi yangu akasema, jembe tayari begani. «Minyi naenda kung'oa vile vitoto kwanza.»

Jirani hakuenda Kinshasa. Alikuja kushika jembe la pili, maana mizizi ya mukonge ni migumu.