Mtani wa Mama Kabula

Kuna watu hapa Isevya watakuambia Pelagia ana roho mbaya. Watakusimulia alivyowafanyia wafiwa mlangoni mwao siku ya maziko, na watatikisa vichwa. Wengine watakuambia hajapata kuonekana mtani hodari kama yeye mtaa mzima, na watacheka upya. Wote hao hawajui wanachokisema. Mimi nimepanga naye nyumba moja miaka yote hii, mlango wangu na wake inatazamana, basi niacheni niseme mimi.

Pelagia ni Mnyamwezi wa Lusu, kule Nzega. Aliolewa na Kornel, wakaenda kulima tumbaku Usinge, na huko ndiko alikozaliwa binti yao, Kabula. Mtoto hajamaliza hata mwaka, vidole vikamvimba, akawa analia mpaka sauti inakauka. Walizunguka naye kwa waganga hadi daktari mmoja alipopima damu akasema ni sikoseli. Mtoto huzaliwa nayo na huishi nayo. Leo mzima, anaruka kamba. Kesho mifupa inamuuma hata shuka ikimgusa anapiga yowe. Baridi ni adui yake, kiu ni adui yake, na kuchoka kupita kiasi ni adui yake. Pelagia akamwacha Kornel na tumbaku yake, akahamia Tabora mjini awe karibu na kliniki. Akaweka meza mbele ya nyumba yetu, akauza karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani.

Alikuwa na mdomo! Mteja akija kununua karanga anaondoka na karanga na vichekesho juu. Na kila Jumamosi jioni aliketi chini, Kabula akaketi kwenye kigoda nyuma yake, akamsuka twende kilioni kwa ajili ya misa ya kesho. Mtoto yule alikuwa na mkono mwepesi kuliko wasusi wa sokoni, na mama mtu aliringa nazo nywele zile mpaka kero.

Kabula alipoingia darasa la tano, shule ikaletewa mwalimu mpya wa nidhamu, Mwalimu Awadhi. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, sauti inasikika barabarani. Alirudisha mchakamchaka wa alfajiri uliokuwa umesahaulika, na kwa kuwa bomba la shule lilikuwa limekauka, akaagiza kila mwanafunzi abebe dumu la maji kutoka kisimani kumwagilia bustani. Wazazi tulimsifu. Mimi nilimsifu.

Pelagia akaniambia, "Mama Shukrani, nisindikize nikamweleze huyu mwalimu habari za Kabula." Shukrani wangu alikuwa darasa moja na Kabula, basi nikajifunga kanga tukaenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Mtu wa wapi wewe?"

"Mnyamwezi wa Lusu."

Mwalimu akaweka kalamu chini, uso ukamchanua. "Mpagazi! Karibu, karibu. Mizigo umeiacha nje?"

"Na wewe je?"

"Mzaramo wa Kisarawe."

Pelagia akapiga makofi kwa furaha. "Kumbe! Ndiyo maana ofisi haina hata kiti cha mgeni. Ngoma yenu ya mdundiko ikipita hapo nje si utaiacha na shule?"

Asiyeujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo nimweleze kidogo. Ulianzia njiani, enzi za misafara, babu zetu wakibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani na kulala katika vijiji vya babu zao. Tangu hapo mtani anakutukana na hukasiriki. Anamkamata kuku wako anakwenda naye, hukasiriki. Ukifiwa anakuja kumwigiza maiti wako mbele yako, nawe unacheka na machozi yako usoni. Ukimkasirikia mtani, mwenye aibu ni wewe.

Basi wakataniana mpaka mbavu zikatuuma. Kisha Pelagia akaeleza ugonjwa wote, akampa na barua ya hospitali. Mwalimu akaisoma mstari mmoja, akaanza kujipepea nayo.

"Mwana wa mpagazi anashindwa dumu la maji? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo!"

"Mwalimu, hapo sitanii. Mtoto anaumwa."

"Na mimi sitanii. Dawa ya Mnyamwezi ni mzigo." Akacheka. Pelagia naye akacheka, maana angefanyaje?

Tukitoka akanishika mkono. "Afadhali ni mtani. Angekuwa mtu baki tungeanza kuvutana." Nikamwambia kweli, Mungu amekuonea huruma.

Jumatatu iliyofuata Kabula alibebeshwa dumu kama wenzake. Tena akapewa jina, Mpagazi, na shule nzima ikalidaka. Mtoto akarudi nyumbani amenuna, akamwambia mama yake. Nilikuwa nachambua mchicha mlangoni, nikamsikia Pelagia akimjibu, "Mtani hakasirikiwi, mwanangu. Akikuita hivyo, wewe cheka tu." Na Kabula, mtoto mtiifu yule, akawa anacheka.

Maumivu yakaanza kuja mara kwa mara. Pelagia akarudi shuleni, safari hii bila mzaha, nami nyuma yake.

"Mtani amekasirika leo!" Mwalimu Awadhi akasema. Alipoona hachekewi akakunja uso. "Mama, tusidanganyane. Jumamosi nimemwona mwanao kwa macho yangu anaruka kamba hapo Isevya. Mgonjwa anaruka kamba?"

"Siku akiwa mzima anaruka, mwalimu. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo."

"Basi ugonjwa huo una akili sana. Unaijua Jumamosi na unaijua Jumatatu."

Tukaenda kwa mwalimu mkuu. Mama huyo hata hakuinua kichwa. Mambo ya nidhamu yako kwa Mwalimu Awadhi, alisema, nendeni mkaelewane, si ninyi ni watani? Nilitamani kuipindua ile meza na chai yake. Pelagia akasema ahsante, akanivuta tukatoka.

Ikaja Julai. Anayeijua Tabora anaijua Julai yake, upepo wa asubuhi unapita na vumbi lake na kuingia hadi kwenye meno. Pelagia alimvalisha Kabula sweta zito jekundu. Langoni Mwalimu Awadhi akamvua, kwa sababu sweta la shule ni la bluu na hilo si sare. Shukrani wangu aliyaona yote kwa macho yake, na mtoto wangu hana tabia ya kuongeza chumvi. Kabula alisema kichwa kinamuuma na mguu unamuuma. Mwalimu akamwambia basi atakimbia nyuma ya wote na dumu lake mkononi, apate joto. Mchakamchaka ukaanza. Mwalimu ndiye aliyeanzisha wimbo, akautia maneno ya mpagazi na mzigo wake, watoto wakaitikia. Na Kabula alikuwa anacheka, Shukrani anasema. Alikimbia na dumu lake huku anacheka, kama alivyofundishwa na mama yake, mpaka alipoanguka karibu na mlingoti wa bendera.

Kiharusi. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa wazee. Daktari akasema watoto wa sikoseli huweza kukipata, damu ikishindwa kupita kichwani. Alilala hospitali mpaka Julai ikaisha na Agosti ikaisha. Alirudi anaburuta mguu wa kulia, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka moja moja. Mkono wa kulia umejikunja kifuani, na hadi leo haujakunjuka.

Kikao cha wazazi kikaitishwa. Mwalimu Awadhi akasimama mbele yetu, na nasema haki, alikuwa na huzuni usoni. Lakini sikilizeni alichokisema.

"Wazazi wenzangu, mimi na Mama Kabula ni watani, kila mtu anajua. Alipokuja kunieleza habari za ugonjwa, mimi nilidhani ananitania."

Wazazi wawili watatu wakacheka, kwa mazoea tu, wakasikia aibu wakakohoa. Mwalimu mkuu akasema ni bahati mbaya na walimu wawe waangalifu. Kisha kikao kikahamia kwenye madawati. Barua ya hospitali hakuna aliyeiuliza. Pelagia alikuwa ameketi pembeni yangu, mikono mapajani. Nilimchukia Awadhi siku ile, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Baada ya hapo mezani kwa Pelagia vichekesho vikaisha. Ukimtania anakupimia karanga zako anakupa. Jumamosi moja alinyoa nywele zote. Nikamwambia mimi najua kusuka, ningekusuka. Akasema, "Hapana, dada, acha tu."

Baba yake Mwalimu Awadhi, Mzee Mabruki, aliletwa kutoka Kisarawe akiwa anaumwa sukari. Alikuwa mzee mpole, akiketi barazani kwa mwanawe mtaa wa pili, na akipata nafuu hujikongoja mpaka mezani kwa Pelagia kununua karanga. Mwalimu alikuwa haonekani kazini siku nzima, wiki nzima, anamuuguza baba yake. Hakuna aliyemuuliza. Ilipofika Machi mzee akafariki, na ikaamuliwa azikwe hapa hapa.

Niliona Pelagia anavaa kanga za msibani nikashangaa. "Unakwenda?"

"Ni mtani wangu," akasema. "Nisipokwenda watu watanionaje?"

Msiba ulijaa. Walimu walikuwepo wote, na majirani, na Wanyamwezi kadhaa waliokwisha kuanza utani wao, mmoja amevaa sufuria kichwani. Jeneza lilipoanza kutolewa ndani, Pelagia akatandika kanga yake kizingitini, akasimama juu yake, akaziba mlango.

"Simameni! Mnampeleka wapi mzee huyu?"

"Makaburini, mtani," mmoja wa wabebaji akajibu, tayari anatabasamu.

"Kufanya nini? Huyu haumwi. Juzi nimemwona kwa macho yangu anatafuna karanga barazani. Maiti anatafuna karanga?"

Watu wakaangua kicheko. Muda mrefu hatukuwa tumemsikia Pelagia, na mdomo wake ulikuwa ule ule.

"Ugonjwa wake una akili sana! Unaijua siku ya kazi na unaijua siku ya karanga."

Wakacheka zaidi. Aliyevaa sufuria akaketi chini kwa kucheka.

"Na hiyo sanda mvueni, si sare! Mpeni dumu akachote maji. Mkimbizeni mchakamchaka mwone kama hataamka."

Hapo walimu wakainamisha vichwa. Wengine waliendelea kucheka, wanajifuta macho, maana hawakuwa na la kufikiria. Mwalimu Awadhi alikuwa ameshika mguu wa mbele wa jeneza. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, kama desturi inavyotaka mfiwa amlipe mtani apishe. Pelagia hakuitazama.

"Sitaki. Sema alikuwa anaumwa nini."

"Sukari, mtani." Akairudisha noti mfukoni. "Baba aliumwa."

"Kweli?"

"Kweli. Haki ya Mungu aliumwa."

Pelagia akamtazama, bila haraka.

"Mimi nilidhani mnanitania," akasema. Akainama, akaokota kanga yake, akapisha.

Jeneza likapita. Awadhi hakuweza kumfanya lolote, wala kumwambia lolote, wala siku ile wala baadaye, na watu wazima wanajua kwa nini. Mzee Mabruki hakuwa na kosa. Pelagia alilijua hilo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema, "Mzee wa watu, Mungu anisamehe," na analia kwa sauti, mimi nimemshika kiuno.

Kabula alikuwa mlangoni anatungoja, anapakia karanga kwenye vikaratasi kwa mkono wa kushoto. Habari zilikuwa zimeshatutangulia.

"Mama," akasema, taratibu, neno moja moja, "wanasema umewachekesha watu."

"Wamecheka."

"Na mwalimu? Amecheka?"

"Hapana."

Kabula akafikiri, mdomo wake umekwenda upande. "Kwa nini? Si utani?"