Kibuyu cha Maswali

Sechelela alikuwa na vibuyu vitatu vilivyoning'inia juu ya mlango wa tembe lake, na ole wako uviguse. Jirani mmoja aliwahi kukitungua kimoja akidhani ni cha mbegu. Alivyotimuliwa siku ile, hakupita tena hata karibu na zizi. Na kweli mlikuwa na punje humo ndani, ila hazikuwa za kupanda wala za kula. Ndani ya vibuyu vile alikuwamo Jumbe Madeje mzimamzima: kila alichokubali, kila alichosema, na kila alichouliza mbele ya Mjerumani.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikienda haraka mtanikatiza.

Enzi hizo Mjerumani alikuwa ameshika nchi yote ya Ugogo, na reli ndiyo kwanza ilikuwa imefika Dodoma na kusonga mbele kwenda magharibi. Kila mwezi ulipoandama, majumbe wa vijiji waliitwa bomani kwenye shauri. Bwana mkubwa anakaa mezani, karani pembeni yake na kalamu, majumbe wamepangwa mstari juani. Kwanza bwana anatoa lake: nataka watu wa barabara, nataka vibarua wa reli, anayekubali ainue mkono. Kisha kila jumbe anasogea mezani peke yake, kofia mkononi, aseme shida za watu wake. Kijiji kizima kilikuwa na mdomo mmoja tu pale, na mdomo wa kijiji cha Sechelela, upande wa Hombolo, ulikuwa wa Jumbe Madeje.

Na mkono wa Madeje ndio uliomwondoa Matonya. Huyu alikuwa mtoto pekee aliyembakia Sechelela baada ya kuzika watatu wangali wachanga. Bwana alitaka vibarua kumi, Madeje akainua mkono, Matonya akawa wa kumi. Asubuhi ya kuondoka alilifunga lango la zizi kwa kamba, kwa sababu nguzo yake ilikuwa imeoza.

"Miezi sita tu, mama," alisema. "Nikirudi nitalitengeneza."

Miezi sita, jamani! Wale tisa walirudi wote. Walisema waligawanywa huko mbele, Matonya akapelekwa kambi ya upande wa Saranda, na tangu hapo hawakumwona.

Mtasema, si angemfuata tu jumbe akamuuliza uso kwa uso? Hapo ndipo penye mambo. Matonya alikuwa amemuoa binti wa Madeje. Binti alirudishwa kwa baba yake kumngojea mumewe huko, lakini ng'ombe wa mahari hawakurudishwa, na ukwe ukabaki palepale. Na kwao ukwe haukuwa mchezo. Sechelela na Madeje wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Neno likiwapo, linapitia kwa mtu wa tatu. Na jina la mkwe halitoki mdomoni, hata nyumba ikiungua. Unasema "yule wa kwetu," basi, kijiji kizima kimeshakuelewa.

Kwa hiyo Sechelela alimtuma jirani yake Sila, mzee mpole aliyebatizwa na wamisheni. Sila akarudi na jibu: "Jumbe anasema atauliza." Mwezi uliofuata: "Anasema ameuliza, hakupata jibu." Mwezi mwingine tena, maneno yaleyale. Sechelela akamtazama Sila, akacheka kicheko kibaya. Shauri lililofuata akajitwisha mtungi wa togwa, akashika njia ya Dodoma yeye mwenyewe.

Nani angemfukuza mama muuza togwa? Majumbe walikuwa na kiu, askari walikuwa na kiu. Alikaa ukutani mwa boma, mbali kidogo na meza, akauza togwa na kumkodolea macho Madeje kutwa nzima. Akirudi nyumbani anatungua vibuyu. Kila Madeje alipoinua mkono kukubali, punje ya uwele katika kibuyu cha kwanza. Kila aliposogea mezani na kusema neno, punje ya mtama katika cha pili. Cha tatu kilikuwa cha njugu mawe, njugu moja kwa kila swali atakalouliza juu ya Matonya.

Alijuaje kama ameuliza, na meza iko mbali, na mwanamume kampa mgongo? Aa, Sechelela hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwamba jumbe yeyote akimuulizia mtu, karani anavuta daftari kubwa jeusi, analifungua, anapitisha kidole. Jumbe wa Mvumi aliuliza, daftari likafunguliwa. Jumbe wa Kikuyu, hapohapo Dodoma, aliuliza, likafunguliwa. Madeje akisogea, anasimama kidogo, karani anapunga mkono, naye Madeje anaondoka. Daftari halijaguswa. Basi hajauliza. Mwongo mkubwa!

Kibuyu cha uwele kikaanza kuwa kizito. Cha mtama nacho kikawa kinalia ukikitikisa. Cha njugu kilikaa kitupu mwaka wa kwanza, kikakaa kitupu wa pili.

Mwanzoni watu walimcheka. Kisha wakaanza kuja kimyakimya, mmoja mmoja, kuuliza: eti mwezi huu jumbe amekubali nini? Naye anawatajia bila kupepesa. Amekubali watu wanane wa barabara. Amekubali tusichome nyasi. Amesema neno mezani, sikulisikia. Na Matonya? Hajamuuliza. Neno likaenea visimani na kwenye pombe, wakampachika Madeje jina la Jumbe Ndiyo. Wakaacha kumwita kwenye ngoma zao. Naye hakujitetea hata mara moja. Anainamisha kichwa, anapita.

Lakini msidhani Sechelela alipata marafiki kwa hayo. Mtu anayeweka maneno ya watu kwenye kibuyu, nani atakaa naye aongee? Wanawake walikuja kwake kusikia, wakishasikia wanajitwisha mitungi yao. Jioni alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nusu akampa mbwa. Aliongea na ndama. Alikaa akilitazama lango lile la kamba, na kamba ikikatika anafunga nyingine, hakuruhusu mtu yeyote abadilishe nguzo. Nguzo ilikuwa ya Matonya kuibadilisha. Upweke ulimla mama yule mpaka sauti yake ikabadilika. Akiitwa ghafla, alichelewa kuitika.

Basi ikafika shauri moja la mwezi wa Desemba, mwaka wa tatu unakaribia. Bwana hajamaliza hata kuhesabu mikono, mvua ya kwanza ikashuka kwa kishindo. Meza ikabebwa mbio, ikawekwa barazani mwa boma. Majumbe wakajibana chini ya paa, na Sechelela na mtungi wake akajibana nyuma ya nguzo, hatua mbili tu kutoka kwa karani. Hakuna aliyemjali.

Zamu ya Madeje ikafika. Alisogea, kofia mkononi, maji yanamtiririka shingoni.

"Haya, sema," alisema karani. Huyu aliitwa Abbasi, kijana wa Kondoa aliyesomea pwani.

Madeje akakohoa. "Bwana karani, namuulizia yule wa kwetu."

"Jina?"

"Yule wa kwetu. Aliyekwenda reli."

"Mzee, waliokwenda reli wamejaa daftari zima. Jina lake nani?"

"Mwenye binti yangu," alisema Madeje kwa sauti ndogo. "Mmetuhesabu nyumba kwa nyumba. Mnamjua."

Abbasi akaweka kalamu chini. "Kila mwezi wewe! Kila mwezi unaniletea mtu asiye na jina. Nifungue wapi sasa? Haya, pisha. Anayefuata!"

Kikombe kilimponyoka Sechelela kikapasuka. Kila mwezi. Kumbe kila mwezi! Madeje alikuwa akiuliza, na alikuwa akiulizwa jina, na jina halikuweza kumtoka mdomoni. Kumwomba mtu mwingine amtajie, ingebidi akiri mbele ya kijiji kwamba muda wote ule alikuwa akirudi mikono mitupu kwa sababu ya neno moja. Basi akangoja watu wa boma waelewe kama wanavyoelewa watu wa nyumbani.

"Matonya!" Sechelela alipiga kelele. "Anaitwa Matonya! Matonya wa Sechelela!"

Baraza lote likageuka. Mwanamke kusema kwenye shauri! Askari akanyanyuka, lakini bwana mkubwa alikuwa akikung'uta maji kwenye karatasi zake, hakuinua kichwa. Abbasi alimtazama yule mama, akamtazama Madeje aliyekuwa ameganda palepale, kisha akalivuta daftari jeusi. Akalifungua. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka, kikasimama.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Abbasi alisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Matonya, kibarua. Alipondwa mguu na chuma cha reli. Ameachishwa kazi, hawezi kutembea. Yuko kambini Saranda. Aje mtu wa kwao amchukue."

"Nimekuja," alisema Sechelela. "Mimi hapa. Nionyesheni njia."

"Mama, haya yaliandikwa mwaka juzi." Kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari. "Chini hapa wameongeza. Amefariki masika yaliyopita. Pole, mama. Pole sana."

Saranda! Kwa gari moshi si hata siku nzima. Mwaka mmoja na miezi minane alilala kule na mguu wake, akitazama njia, akingoja mtu wa kwao.

Sechelela hakulia pale. Alijitwisha mtungi na togwa yake ndani, akatoka kwenye mvua. Alilala kwa jamaa zake Dodoma, alfajiri akaanza safari, na kila alipogeuka alimwona Madeje nyuma yake kwa mbali, peke yake, hasogei wala habaki. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikapanda tena. Alitaka kumgeukia amtukane matusi yote anayoyajua. Lakini kila alipokusanya maneno, swali moja lilimkata: na wewe je? Karani angekuuliza jina la Madeje, ungelitaja? Alijua asingelitaja. Angeinama na kusema "yule wa kwetu," vilevile, na angerudi nyumbani vilevile.

Kisimani, mwanzo wa kijiji, wanawake walimwona Madeje anakuja nyuma, wakaanza kucheka. "Jumbe Ndiyo huyoo! Leo je, Mama Matonya? Ameuliza?"

"Nyamazeni," alisema Sechelela. "Ameuliza. Kila mwezi ameuliza. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Mmoja akathubutu: "Na wamejibu?"

"Wamejibu," alisema, akapita.

Nyumbani alikitungua kibuyu cha tatu, akakaa kizingitini na ungo wa njugu mawe. Alihesabu kwa haki, maana haki ilikuwa ileile hata ilipomgeukia yeye mwenyewe. Mara ishirini na sita, pamoja na zile mbili za mwanzo alizomwita mwongo kabla hajaona lolote kwa macho yake. Alizitia moja moja. Alipofika ya kumi na nane, ile ya masika, aliacha kuhesabu. Mpaka hapo Matonya alikuwa hai. Kumi na nane zile zote, mtoto alikuwa hai, na neno moja tu lingemleta nyumbani. Hapo ndipo alipolia, akalia kwa sauti, na hakuna aliyekuja. Alipomaliza akafuta uso kwa kiganja, akaendelea mpaka ishirini na sita.

Jua lilikuwa linazama aliposikia hatua. Hakuwa Sila. Madeje alikuwa amekuja mwenyewe, akasimama nje ya lango lile la kamba, ameupa mlango mgongo kama inavyompasa mkwe. Alivua kofia.

"Matonya," alisema.

Kisha akalirudia kwa nguvu, akiita hasa, kama mtu anayemwita aliye mbali machungani. "Matonya!"

Hakuna aliyeitika. Sechelela aliokota njugu ya ishirini na saba, akaitia kibuyuni, akakaa na kibuyu mapajani mpaka Madeje alipoondoka.