Mama wa Kwenye Gemu

Binti yangu aliniomba ruhusa, na kwa hilo nilimheshimu. Angeweza kucheza kimyakimya chini ya shuka kama wenzake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, anaishi Muheza kwa mdogo wangu, na mimi nilikuwa mwaka wa tatu Dubai, nasafisha nyumba za watu. Akanitumia sauti kwenye simu: "Mama, shikamoo. Kuna gemu wenzangu wanacheza. Ni hadithi ya mapenzi, unasoma, halafu unachagua cha kujibu. Mama mdogo anasema haifai. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia asiiguse kwanza. Nitaicheza mimi, halafu nitatoa hukumu, inafaa au haifai. Nililipenda sana neno hilo, hukumu. Mtu akiwa mbali na mwanawe hupenda kujiona bado ana madaraka.

Chumba chetu kilikuwa Al Nahda, vitanda sita, na kazi ilikuwa Discovery Gardens, upande wa pili kabisa wa mji. Kila asubuhi tulikaa kwenye basi la kampuni saa nzima na zaidi, na humo ndimo nilimochezea. Gemu ikaniuliza umri, nikaandika thelathini na nane, ikanikaribisha bila wasiwasi wowote. Nikajikuta mwanafunzi mwenye sketi fupi na macho kama visahani, nimezungukwa na wavulana wanne ambao nywele zao hazijawahi kuona kinyozi. Kazi yangu ilikuwa kumpata mmoja wao. Wa kwanza tajiri, wa pili hasemi, wa tatu rafiki wa utotoni. Wa nne alikuwa mwalimu. Mwalimu! Nilisonya mpaka dereva akanitazama kwenye kioo.

Mkenya aliyelala kitanda cha juu yangu ndiye niliyekaa naye kiti kimoja. Akachungulia simu yangu. "Kwani wewe unadate watoto wa shule asubuhi yote hii?"

"Nachunguza," nikamwambia.

"Haya, chunguza tu. Usije ukafall in love."

Sikuanguka, lakini nisiseme uongo, yule asiyesema alinigusa kidogo. Kuna mahali anamuuliza msichana kama amechoka. Ilikuwa miaka mingi sijaulizwa hivyo na mwanamume.

Basi nikamruhusu mtoto kwa majaribio. Aicheze sura moja moja nyuma yangu, njia ya mwalimu asiikanyage kabisa, na hukumu kamili ingekuja mwishoni. Gemu ilikuwa ya Kiingereza na Kiingereza chake kilikuwa bado cha darasani, kwa hiyo nilimrekodia kila sura kwa Kiswahili. Mchana wenzangu walipokuwa wanakula mimi nilikaa kwenye ngazi, nasoma na kurekodi. Pale walipobusiana nilisema wamepeana mkono.

"Mama," akaniuliza siku moja, "mbona kwenye picha nyuso zimekaribiana?"

"Anamtoa vumbi jichoni."

Mkenya alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namlinda mwanangu kutoka nchi nyingine, kwa kitu pekee nilichokuwa nacho, mdomo wangu.

Kulikuwa na njia moja isiyo na mvulana. Ukiwakataa wote wanne, msichana anarudi nyumbani, anamkuta mama yake jikoni. Mama anamkaribisha, anampa bakuli la tambi, basi. Gemu inakuandikia kwamba umeshindwa na kukurudisha mwanzo. Nilirekodi kipande hicho asubuhi moja ndani ya basi, kwa sababu tu nilikuwa nimeahidi kupita kila njia. Basi lilikuwa limeshafika na supavaiza anagonga kioo, nikakisoma haraka haraka. Tambi nikazigeuza wali wa nazi na mchicha, maana mtoto wa Muheza hapokelewi na tambi.

Desemba ilipokaribia, ofisi ikasema watu hawatoshi, likizo zote zinasogezwa. Ilikuwa mara ya pili safari yangu ya nyumbani kuahirishwa. Nilimpigia binti yangu nikiwa nimejiandaa kwa kilio. Akasema, "Sawa, mama." Nikamwambia mwakani, inshallah. "Sawa, mama." Nilishukuru kwamba hakulia. Nikadhani amekua.

Baada ya hapo wasiwasi wangu wote niliutupa kwa wale wavulana. Kila nikipiga simu nauliza, umefika sura ya ngapi, umemchagua nani? Yeye anajibu bado, mama, niko mwanzo. Nikaanza kumshuku. Kwa nini afiche? Nikaota mwalimu ameshampata.

Siku moja ya mapumziko, mchana, mdogo wangu akanipigia. "Dada, nataka tuzungumze kuhusu ile gemu."

"Ni mwalimu?" nikafoka. "Nilimkataza! Nilimwambia kabisa!"

"Dada, tulia. Hakuna mwalimu. Hakuna mvulana hata mmoja. Kila siku akitoka shule anaweka begi, anafungua gemu, anawakataa wote mpaka anafika kwa yule mama wa jikoni. Halafu anaifungulia sauti yako. Nami ananisumbua nipike wali na mchicha, wali na mchicha, mpaka leo nimekataa, nimepika ugali na dagaa. Jana nilisimama mlangoni nikarekodi. Sikiliza mwenyewe."

Nilisikiliza nikiwa nimekaa kitandani, Mkenya akinisuka nywele. Ilianza sauti yangu, ya haraka, na kelele za basi nyuma yake: "Karibu mwanangu. Mbona umechelewa leo?"

Kisha sauti ya binti yangu, ya kawaida kabisa, ya mtu anayevua viatu: "Tulikuwa na mtihani wa hesabu, mama."

"Nawa mikono," nikasema mimi wa kwenye simu. "Nimekupikia wali wa nazi na mchicha. Njoo tule."

"Nakuja."

Nyuma supavaiza akapiga kelele, yalla, yalla, shuka. Na mimi nikamaliza kwa kumwambia mwanangu: "Basi, hapa hakuna kitu. Ruka, twende mbele."

Mkenya aliacha kusuka. Aliniwekea mkono begani. Nililia kwa hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya nani. Niliionea wivu sauti yangu. Ilikuwa Muheza, jikoni, inajibiwa, na mimi nilikuwa Al Nahda na nusu ya nywele zimesukwa. Nilikuwa nimeyakagua mabusu yote, nimeyafunika moja moja, na mahali palipokuwa panamuumiza mwanangu nilipita mbio, tena nikamwambia mwenyewe kwamba hapana kitu.

Jioni hiyo hiyo, nilipopata nguvu, nikampigia. Nilikuwa nimepanga kumwambia mengi. Nikamuuliza shule, akanijibu. Nikamuuliza mtihani wa hesabu, akashtuka kidogo, nimejuaje? Nikasema mama mdogo kaniambia. Kisha yeye ndiye aliyeuliza.

"Mama, hukumu yako hujatoa. Inafaa au haifai?"

Ningesema haifai, angeifuta siku hiyo hiyo, maana ni mtoto mtiifu. Na baada ya kuifuta angerudi kutoka shule kesho yake, aweke begi chini, asiulizwe na mama yake kwa nini amechelewa.

"Inafaa," nikasema.

"Asante, mama."

Nikamuuliza kile ambacho kila mama huuliza, kama amekula.

"Nimekula, mama," akasema. "Wali na mchicha."