Mwanamke Aliyeshonwa kwa Nyuso Zetu

Wako watakaosema nimechanganyikiwa, na waseme. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa. Nilimwona mchana, mvua ikinyesha, na dada yangu Hawa alikuwa ameketi kando yangu tukichambua maharage. Kama unataka hadithi ya kuchekesha, tafuta msimulizi mwingine. Hili lilitupata sisi, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Mimi nauza vitenge sokoni Koboko. Kiswahili changu ni cha kambini, maana baba alikuwa askari. Siku moja walitujia watu wa Arua na kamera na taa zao. Walisema wamefungua nyumba ya sanaa kule mtaani kwao Awindiri, sanaa ya siku hizi, si ya rangi wala ya udongo, bali ya kompyuta, skrini na sauti. Wanataka nyuso za wanawake wa soko. Msimamizi wao, madam mmoja mwenye sauti ya asali, akatuambia, "Mama zangu, Arua nzima itawaona."

Nani angekataa? Tukakaa kitini mmoja mmoja, tukageuza shingo huku na huku, tukasema maneno tuliyoambiwa tuseme. Hata Mama Keji, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu jirani yangu, alikaa.

Siku ya ufunguzi mimi na Hawa tulivaa nguo za sikukuu tukaenda. Chumba kilikuwa cheusi. Ukutani alisimama mwanamke mmoja tu, mrefu kuliko mlango. Nikajitafuta, nikajiona. Kidevu! Kidevu changu hiki, chini ya macho ya Hawa. Juu ya nyusi, kovu la Mama Keji. Niamini, walikuwa wametukata vipande vipande wakashona mtu mmoja. Alikuwa akigeuka na kutabasamu. Midomo ilitangulia, sauti ikafuata nyuma. Wageni wakapiga makofi.

"Huyu nani?" nikamwuliza madam.

"Hana jina, mama. Yeye ni wanawake wote."

"Na ukoo wake?"

Akacheka. "Mama, ni picha tu."

Picha tu! Umpe mtu macho, umpe ulimi, halafu umnyime watu wake? Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Sasa sikiliza. Msimu wa maharage ulipofika tulikuwa kijijini Lurujo, kwenye nyumba ya marehemu mama, tumeketi barazani. Mbwa wetu, ambaye humbwekea hata imamu, aliinuka akaenda uani akitikisa mkia, kama anavyompokea mtu wa nyumbani. Nikainua kichwa. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye mvua.

Hawa aliangusha ungo, maharage yakatawanyika. "Macho yangu hayo," alisema. "Dada, hayo macho yangu!"

Midomo ya yule mwanamke ikafunguka. Sauti ikaja baadaye.

"Mimi mtoto ya nani?"

Wewe ungejibu nini? Mimi nikainama kuokota maharage.

"Natafuta watu yangu," alisema. "Kule Awindiri haiko mutu. Watu nakuja, naangalia, naenda. Siku wakizima mimi, mtanizika wapi?"

Ni Hawa, mwoga ambaye hapiti makaburini hata jua likiwa utosini, aliyeshuka kwenye mvua. Alifungua kitenge chake cha njano akamfunika mabegani.

"Wewe mtoto yetu," alimwambia. "Wewe ya Lurujo. Ingia, kula."

Hakuingia. Alimtazama Hawa kwa macho ya Hawa mwenyewe, akalia. Kisha akaondoka kwa njia ya shamba la muhogo, tope likimfika magotini, na kile kitenge akaenda nacho.

Kesho yake tulikuwa Awindiri kabla hawajafungua. Madam akawasha skrini, akaganda. Mwanamke alikuwa ukutani, amelowa, tope jekundu magotini, kitenge cha njano mabegani.

"Nani ameingiza hii?" akamwuliza fundi wake. "Imeharibika. Futa."

"Usifute!" nilipiga kelele. "Huyo mtoto yetu!"

Alinishika bega kama mtu anayemtuliza kichaa. "Usijali, mama. Tutatengeneza mwingine."

Mwingine! Kana kwamba chungu kimepasuka! Fundi akabonyeza, na ukuta ukabaki ukuta. Hakuna aliyesema pole. Mmoja wao aliuliza kama chai iko tayari.

Tulimlilia sokoni. Wajomba zetu walikataa kutoa hata kipande cha ardhi. "Haiko kaburi ya picha," walisema, wakacheka. Basi Hawa akasoma Fatiha, Mama Keji akafanya ishara ya msalaba, kwa kuwa hatukujua marehemu alikuwa wa dini gani.

Tangu hapo, wote tuliokaa kwenye kile kiti, kamera zimetukataa. Simu ya Hawa, iliyokuwa ikifunguka kwa uso wake, haimjui tena. Kwenye harusi ya mpwa wetu, mpiga picha alitupanga mstari mmoja, na kile kijisanduku cha kutafuta nyuso kikamshika kila mtu, watoto, wazee, hata mgeni aliyepita nyuma. Sisi kikaturuka. Mpiga picha akafuta kioo cha kamera yake, akajaribu tena na tena, mwisho akatuomba kwa adabu tusogee pembeni.

Kwa hiyo wakija kwako na taa zao na sauti ya asali, wakikuomba uso kidogo tu, wapikie chai, wanywe, washibe. Halafu wafungulie mlango waende zao.